Kubadilisha rangi ya taa za mapambo ndani ya gari: maana yake na inavyofanyika

Taa za mapambo ndani ya gari ni zile taa ndogo za mwanga hafifu zinazofichwa kwenye kingo za dashibodi, chini ya vishikio vya milango, miguuni na pembeni mwa viti. Si taa ya dari, ile unayoiwasha ukitafuta chenji iliyoanguka. Hizi huwaka safari nzima. Kazi yake ni kukuonyesha kilipo kishikio na pa kuweka chupa ya maji bila kupapasa, na kulifanya gari lipendeze usiku. Kubadilisha rangi yake ni kuchagua iwe buluu, chungwa, zambarau au nyingine, kwa kutumia skrini ya gari, simu au rimoti ndogo.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla hujamlipa fundi yeyote, ni kama taa za gari lako zinaweza kubadilika rangi. Nyingi haziwezi. Taa ya LED ya rangi moja hubeba rangi yake ndani ya chembe yenyewe inayotoa mwanga: iliyotengenezwa nyekundu itabaki nyekundu mpaka ife. Unaweza kuipunguzia mwanga, basi. Uganda tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018 hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini gari la miaka kumi na kitu kutoka Japani, lililoshushwa Mombasa likapitia mpakani Malaba, bado ndilo la kawaida barabarani. Magari mengi ya namna hiyo, kama yana taa za mapambo, ni za rangi moja. Hakuna menyu iliyofichwa wala programu itakayoleta rangi nyingine.

Taa inayobadilika rangi ni tatu ndani ya moja: nyekundu, kijani na buluu, zimekaa karibu mno kiasi kwamba jicho linaziona kama nukta moja. Ukiwasha nyekundu na kijani pamoja unapata manjano. Nyekundu na buluu zinatoa zambarau. Zote tatu kwa nguvu, nyeupe. Kuchagua rangi, kwa hiyo, ni kupanga kila moja kati ya hizo tatu iwake kwa kiasi gani. Kidude cha kuongoza hakipunguzi umeme wenyewe. Kinaiwasha na kuizima kila taa mara mamia kwa sekunde, na ile inayokaa muda mrefu ikiwa imezimwa inaonekana hafifu.

Haya hayakuwezekana zamani kwa sababu moja: buluu haikuwepo. LED nyekundu zilianza kupatikana miaka ya 1960, lakini buluu yenye mwanga wa kutosha ilitokea Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi hiyo ikawapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Buluu ilipopatikana, watengenezaji wa magari walijiachia. Ford Mustang ya 2005 ilimruhusu dereva kuchanganya rangi 125 za mwanga wa mita za dashibodi. Mercedes-Benz E-Class ya 2016 ilikuja na rangi 64 za taa za ndani.

Sasa angalia boksi la utepe wa LED, ule mkanda wa taa ndogo ndogo wa kubandika mwenyewe garini, pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala: utaambiwa rangi milioni 16. Hesabu ni ya kweli kwenye karatasi. Kila taa kati ya tatu ina hatua 256 za mwanga, na 256 × 256 × 256 unapata 16,777,216. Ila macho yako, gizani, yanatofautisha sehemu ndogo tu ya hizo. Kiwandani wanazipima taa na kuzipanga ili mlango wa kulia ufanane na wa kushoto, na mara nyingi taa moja hupitisha mwanga wake kwenye uzi mrefu wa plastiki ili usione nukta nukta. Ndiyo maana rangi 64 za Mercedes zinapendeza kuliko milioni 16 za boksi.

Utepe wa kawaida wa volti 12 una waya nne: moja ya chanya inayoshirikiwa na zote, na tatu za kurudisha umeme, moja kwa kila rangi. Ukilijua hilo unaweza kugundua ubaya bila kifaa chochote. Chagua nyeupe. Ikitokea zambarau, waya ya kijani imekatika au haijashika. Ikitokea manjano, buluu ndiyo imepotea. Ikianza nyeupe karibu na dashibodi na kugeuka wekundu wekundu kadiri inavyofika nyuma, waya hazijakatika. Umeme unapungua njiani, na buluu, ambayo inahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, ndiyo inayolala kwanza. Dawa yake ni kulisha utepe umeme kutoka pande zote mbili au kutumia waya nene zaidi. Na ukiukata, kata kwenye alama tu, kwa kuwa taa zake zimeunganishwa tatu tatu. Ukikata katikati, hizo tatu hazitawaka tena.

Magari yenye mfumo wa kiwandani ni hadithi nyingine. Humo kila taa ni kama kijikompyuta kinachopokea amri kwa waya ya mawasiliano kutoka kompyuta kuu ya gari. Baadhi ya magari ya Kijerumani yana taa zenye uwezo huo lakini menyu imefungwa, na fundi mwenye mashine ya kusoma gari anaweza kuifungua. Fundi asiye na mashine, mwenye mkasi tu, mwache aendelee na tepe.

Kuhusu rangi ipi uchague, mimi nina upande. Watu wengi wanataka buluu kali, na kwenye foleni ya Jinja Road inapendeza kweli, maana hapo taa za mji zimejaa kila mahali. Kwenye barabara ya Masaka au ya Gulu baada ya saa mbili usiku ni kero. Jicho lina chembe maalumu za kuonea gizani, na huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Chembe hizo huhisi sana mwanga wa buluu na kijani, na karibu haziuhisi wekundu. Buluu ikiwaka miguuni safari nzima, unaendesha ukiwa umezoea giza nusu nusu, na mbele yako kuna boda boda isiyo na taa ya nyuma au lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya mti barabarani. BMW ilitumia rangi ya chungwa kwenye dashibodi zake kwa miaka mingi, na haikuwa kwa urembo peke yake.

Hata hivyo mwanga mkali wa chungwa ni mbaya kuliko buluu hafifu. Kipimo ni rahisi: simama mahali penye giza, kaa kwenye kiti cha dereva, tazama kioo cha mbele na vya pembeni. Ukiona mstari wa taa umejirudia kwenye kioo, punguza mwanga au ushushe utepe chini zaidi. Taa zinazocheza kwa mdundo wa muziki zizimwe gari likitembea. Abiria wa nyuma watakuelewa.

Fundi anapounganisha, mwambie achukue umeme kwenye fyuzi inayolala ufunguo ukitolewa, na aweke fyuzi yake ndogo kwenye waya mpya. Akiunganisha moja kwa moja kwenye betri, kile kidude cha kuongoza taa kwa Bluetooth kitaendelea kunyonya umeme taratibu hata taa zikiwa zimezimwa, na gari lililokaa wiki nyingi bila kuwashwa linaweza kugoma. Asibandike kitu kwenye nguzo za pembeni mwa kioo wala ukingo wa dari palipoandikwa SRS Airbag. Mfuko wa hewa hupasua plastiki ya hapo kwa nguvu unapofunguka, na chochote kilichobandikwa juu yake hurushwa usoni mwa aliyekaa.