Pilipili ya ndoo ikikutwa na baridi

Ukifika mwezi wa sita, watu wengi hapa Arusha wananipigia kuuliza jambo lile lile: "Bwana shamba, pilipili mbuzi yangu ina maua tele, lakini yanapukutika yote. Niweke mbolea gani?" Nawajibu wasiweke yoyote.

Mara nyingi ni miche iliyochelewa. Mtu kasia mbegu mwezi wa tatu, mvua za masika zikamchelewesha kupandikiza, na mmea ukaanza kuchanua baridi ikiwa imeshaingia. Pilipili asili yake ni Amerika ya joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, chavua (ule unga wa ua unaotungisha tunda) inadhoofika, ua linashindwa kutunga tunda na linadondoka. Hapa kwetu Julai, usiku wa nyuzi 12 au 13 ni wa kawaida. Ukimwaga urea wakati huo unapata majani mengi, laini, na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, huyapenda majani ya namna hiyo. Nimeona ndoo nyingi zikiharibika kwa njia hiyo, na inaniuma, kwa sababu mmea haukuwa na ugonjwa wowote.

Kinachoua zaidi ni maji. Wakati wa baridi na mawingu mmea hunywa kidogo, lakini sisi tunaendelea kumwagilia kila jioni kama tulivyozoea Januari. Mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yananyauka, na mwenye mmea anadhani una kiu, anaongeza maji. Kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Ukimwagilia, iwe asubuhi. Hakikisha pia matundu ya chini ya ndoo hayajaziba.

Halafu hamisha ndoo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linakaa upande wa kaskazini. Weka ndoo upande huo wa nyumba, karibu na ukuta wa tofali au wa saruji. Ukuta unapata joto mchana na kulitoa taratibu usiku. Ndoo iliyobaki kusini mwa nyumba inashinda kivulini miezi miwili mizima.

Kama hujasia bado, na mbegu unazo, mimi ningesubiri Agosti. Mbegu za pilipili huota vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Kwenye udongo wa baridi pilipili mbuzi inaweza kukaa mwezi mzima bila kuchomoza, na nyingi huoza. Asiyeweza kusubiri aweke trei karibu na jiko.

Na tafadhali, usiung'oe mmea wa zamani. Wengi wanaihesabu pilipili kama mahindi: msimu umeisha, ng'oa. Pilipili huishi miaka kadhaa. Mwishoni mwa Agosti, baridi ikilegea, nakata matawi nikiacha shina na vipande vifupi juu ya panapogawanyika, naondoa udongo wa juu kina cha vidole vitatu, najaza samadi iliyooza vizuri. Vichipukizi vikianza, ndipo namwagilia zaidi. Kwa kuwa mizizi ipo tayari, mmea huo unawahi kuchanua kuliko mche wowote uliosiwa siku hiyo hiyo. Maua yakifunguka, tikisa matawi taratibu asubuhi ili chavua idondokee mahali pake, hasa kama ndoo iko barazani ambako upepo haufiki.