Mwacheni mtoto aseme Kinyarwanda: dhana potofu za walimu wanaokwenda kufundisha Kiingereza Rwanda

Septemba inapokaribia, Rwanda ikijiandaa kufungua mwaka wa masomo, simu yangu haipoi. Walimu wa Kenya na Uganda waliopata kazi Kigali, Musanze au Huye huja kwangu kunolewa kabla ya kupanda basi, na kila kundi huja na imani zilezile. Nyingine nazivumilia. Hii ya kwanza imenichosha.

"Nikipiga marufuku Kinyarwanda darasani, watakijua Kiingereza haraka."

Najua ilikotoka. Wengi wetu tulisoma shule ambako aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, Wakenya wengi wanakijua kwa jina la diski. Alikibeba mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa siku hiyo wakapata fimbo zao. Tukafaulu, tukapata digrii, tukaamini kwamba kibao ndicho kilichotupa Kiingereza. Kiingereza tulipewa na walimu waliokijua, vitabu, na miaka mingi ya kukitumia. Kibao kilitufunza kunyamaza na kuchongea wenzetu, basi.

Mwalimu huyu akifika Rwanda anakuta hali tofauti kabisa na aliyoizoea. Kenya ina lugha zaidi ya 40. Rwanda karibu kila mtu, kuanzia muuza ndizi hadi waziri, anazungumza Kinyarwanda. Mtoto wa Nairobi hulazimika kutafuta lugha ya kuelewana na jirani yake, na mara nyingine Kiingereza kinamsaidia. Mtoto wa Nyamagabe halazimiki hata kidogo. Sokoni, kanisani, uwanjani, nyumbani, kote ni Kinyarwanda. Kiingereza anakutana nacho darasani tu, kwa mdomo wako na kwa ubao wako. Ukimnyima Kinyarwanda humo, usidhani pengo litajazwa na Kiingereza. Litajazwa na kimya.

Kimya hicho wageni wengi hawakioni kwa sababu kina kelele. Ingia darasa la nne, somo la sayansi. Mwalimu anasema nusu ya sentensi na kuiacha ikining'inia, watoto 60 wanaimalizia kwa sauti moja. Anauliza kama wameelewa, wanaitikia "Yes, teacher" hadi mabati yanatikisika. Mkaguzi anaandika kuwa darasa limechangamka. Sasa mwite mmoja aeleze kwa nini mmea uliofunikwa na ndoo wiki nzima unanyauka. Hakuna jibu. Mruhusu aeleze kwa Kinyarwanda, ndipo utakapojua tatizo liko wapi. Akieleza vizuri, sayansi anaijua ila maneno ya Kiingereza hana. Asipoweza, hata sayansi yenyewe hajaielewa. Dawa ya la kwanza siyo dawa ya la pili, na mwalimu aliyepiga marufuku Kinyarwanda hana namna ya kuyatofautisha. Anaongeza kelele tu.

Hapo huwa naulizwa swali lenye kiburi kidogo: serikali yao imetaka Kiingereza tangu darasa la kwanza, wewe ni nani upinge? Tuwekane sawa. Oktoba 2008 baraza la mawaziri liliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na utekelezaji ukaanza 2009. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu. Desemba 2019 ikatangazwa tena kuwa Kiingereza kianze darasa la kwanza. Sera hiyo utaifuata: andalio lako la somo litakuwa kwa Kiingereza, ubao kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa wa darasa la sita mtoto ataufanya kwa Kiingereza. Lakini lugha ya kufundishia ni jambo moja, na kumziba mtoto mdomo ni jingine. Kinyarwanda kimo kwenye ratiba kama somo, wala hakijawahi kuwa kosa la jinai.

Na kwa kuwa mmeniuliza: naamini uamuzi wa 2011 ulikuwa bora kuliko wa 2019. UNESCO imekuwa ikisema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha aliyokuja nayo shuleni. Kinyarwanda, kama Kiswahili, kwa sehemu kubwa huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishashika kwamba herufi hubeba sauti, hata maandishi ya Kiingereza, yenye vituko vyake vyote, hayamtishi sana. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana: wanajua darasa linavyopoa pale mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu ni Kiingereza. Wanaotaka kutatua hilo kwa kukianza mapema zaidi husahau kwamba kukianza mapema na walimu wasiokimudu ni kulihamishia lile anguko kwa watoto wadogo zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Uliza swali kwa Kiingereza kifupi. Wape dakika mbili wajadili wawiliwawili kwa lugha yoyote. Andika ubaoni mwanzo wa jibu, mathalani "The plant dies because…", kisha dai jibu kwa Kiingereza, na hapo usilegeze. Kila mtoto awe na daftari la maneno lenye safu mbili, Kinyarwanda na Kiingereza, na safu ya Kinyarwanda wakufundishe wewe. Watakucheka matamshi. Vizuri, siku ya kwanza ya mtoto kumsahihisha mwalimu ndiyo siku anayoacha kuogopa kukosea mwenyewe. Anayejua Kiswahili hana kisingizio: *abantu*, *inyama* na *amazi* hayahitaji kamusi. Aliyetoka Kisoro, Uganda, mpakani na Rwanda, ambako Kifumbira ni kama Kinyarwanda chenyewe, ana bahati kutushinda sote.

"Walibadili lugha kwa kuwakasirikia Wafaransa."

Hasira ilikuwepo: Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa Novemba 2006 na kuurejesha Novemba 2009. Lakini Kiingereza kilikuwa lugha rasmi tangu 1996, baada ya maelfu ya familia zilizokulia uhamishoni Uganda kurudi na watoto waliosoma kwa Kiingereza. Mwaka 2007 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Bidhaa zake hupitia Mombasa na Dar es Salaam, na Dira yake ya maendeleo ya 2020 ililenga uchumi wa maarifa na huduma. Ukienda ukiwaza ni ugomvi tu, hutaelewa kwa nini mzazi maskini wa kijijini anakiona Kiingereza kama mtaji wa mwanawe.

"Kifaransa kimekufa kule."

Bado kinafundishwa kama somo, na anayeongoza jumuiya ya kimataifa ya nchi zinazotumia Kifaransa tangu 2019 ni Louise Mushikiwabo, Mnyarwanda. Wewe utakutana nacho kwanza ofisini mwa walimu. Wenzako wenye umri mkubwa walisomeshwa kwa Kifaransa, na Kiingereza chao kinaonyesha hivyo. Akikwambia "I assisted the meeting", hakusaidia mtu, alihudhuria mkutano. "Formation" ni mafunzo.

Tafadhali msicheke. Hili nalirudia mpaka watu wananichoka. Mwalimu huyo aliamka akiwa bingwa wa hesabu kwa Kifaransa, akaambiwa aifundishe kwa Kiingereza, akapewa mafunzo ya wakati wa likizo na kurudishwa darasani. Wengi waliendelea kuja kazini kila asubuhi hivyohivyo. Mkipanga somo pamoja, yeye akiwa na mbinu za hesabu na watoto anaowajua kwa majina, wewe ukiwa na Kiingereza, darasa lenu litashinda la kila mmoja peke yake. Ukianza kumsahihisha sarufi mbele ya wanafunzi, usishangae kunywa chai peke yako mwaka mzima.

"Kiswahili kitanitosha."

Ni lugha rasmi tangu 2017. Nyamirambo, mtaa wa Kigali, utakitumia kwa raha, kwa madereva wa masafa marefu pia. Kijijini kitaishia kwenye salamu.

"Ukiwa Mkenya au Mganda wanakuhitaji tu."

Desemba 2021 Rwanda ilitia saini makubaliano na Zimbabwe ya kupata walimu, na Oktoba 2022 wakawasili zaidi ya 150, waliochujwa kwa vyeti na uzoefu. Wenyeji nao wamepata sababu ya kubaki kazini: mwaka 2022 mishahara ya walimu wa msingi wenye cheti cha A2 (cha sekondari) ilipanda kwa 88%, ya wenye A1 (diploma) na A0 (shahada) kwa 40%. Kujua Kiingereza peke yake si sifa tena. Ajira nyingi za wageni ninazoziona ziko shule binafsi, na huko mwalimu mkuu atakuuliza kuhusu mtaala wa umahiri ulioanza 2016, unaotazama mwanafunzi anaweza kufanya nini. Ukimjibu kwa maelezo ya ubao na chaki, usaili umeisha.

"Sisi ni Jumuiya moja, kibali cha nini?"

Kilichoondolewa kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ada ya kibali cha kazi. Kibali chenyewe bado unakiomba. Kitambulisho cha taifa kinawavusha Wakenya na Waganda mpakani tangu 2014, ila hakimruhusu mtu kushika chaki. Anza maombi ukiwa na mkataba uliotiwa saini, siyo ahadi ya WhatsApp. Na kabla hujausaini, soma vipengele viwili ambavyo watu huviruka: nani analipa bima ya afya, na kama mshahara unaendelea wakati wa likizo ndefu. Nimewaona walimu hodari waliogundua mwezi Agosti kwamba mkataba wao ulikuwa wa miezi kumi.