Fiti ya gereji, si fiti ya mazoezi

Duka kubwa likiua genge la jirani, au mgombea mwenye fedha akimbwaga asiye nazo, hakosi mtu wa kusema: "Ndiyo nadharia ya Darwin hiyo, mwenye nguvu mpishe." Siyo. Methali hiyo ni ya Waswahili na ni ushauri: umekutana na aliyekuzidi, mpe njia upite salama. Darwin hakuwa anashauri mtu apishe wala asipishe.

Maana ya nadharia yenyewe ni fupi. Viumbe wa aina moja hawafanani. Baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaofikia kuzaa. Basi tofauti inayomsaidia kiumbe kuacha uzao pale alipo itakutwa kwa wengi zaidi katika kizazi kinachofuata. Huo ndio uteuzi asilia, alioueleza Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859. Nguvu haijatajwa.

Imeingilia kwenye tafsiri. Maneno "kusalimika kwa anayefaa zaidi", ambayo watu humpachika Darwin, si yake. Aliyeyabuni ni Herbert Spencer, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1864, baada ya kumsoma Darwin. Mwaka 1866 mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, alimwandikia Darwin kwamba neno uteuzi linapotosha, kwa kuwa msomaji anadhani yuko mtu anayeteua. (Kwetu ni vilevile: ukisema uteuzi, msikilizaji anawaza barua yenye muhuri.) Alipendekeza maneno ya Spencer. Darwin akakubali, na katika toleo la tano la kitabu chake, mwaka 1869, akayaweka kwenye kichwa cha sura ya nne kando ya "uteuzi asilia". Dawa ya kosa moja ikaleta jingine.

Neno la Kiingereza lililotumika hapo ni "fit", na Kiswahili kimelipokea mara mbili. Kuna fiti ya kijana aliyetoka kuinua vyuma: "niko fiti", yaani nina afya na nguvu. Halafu kuna ya fundi: "nati hii haifiti." Nati inaweza kuwa ya chuma kigumu kuliko zote gereji nzima, na bado ikakataa bolti iliyo mbele yake. Spencer na Darwin walikusudia hii ya fundi. Kwa Kiswahili cha zamani ni kufaa, na kufaa hakuelei hewani: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ondoa "kwa dhiki" uone kama methali inabaki na maana.

Mfano mzuri uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu, kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Watu hao, wanaoitwa wabebaji, walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zenye baridi na mbu haba. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili anaugua selimundu yenyewe. Wazazi wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Sasa uliza: jeni hiyo ni ya wenye nguvu au ya wanyonge? Swali halina jibu mpaka useme mtu anaishi wapi na amerithi nakala ngapi.

Hata jina "udarwini wa kijamii", yaani dai kwamba katika jamii wanyonge waachwe washindwe, limebandikwa pasipo pake. Spencer alikuwa ameshaandika kupinga serikali kuwasaidia maskini mwaka 1851, miaka minane kabla ya kitabu cha Darwin, na aliamini kuwa sifa ambazo mtu amezipata kwa juhudi zake humrithisha mwanawe, jambo ambalo uteuzi asilia hauhitaji. Tusimsafishe Darwin kupita kiasi: kitabu chake cha 1871 kinapanga mataifa kwa ngazi za ustaarabu, na ngazi ya juu wamekaa watu wake. Binamu yake, Francis Galton, mwaka 1883 alilipa jina wazo la kuzalisha watu "bora". Kufikia miaka ya 1930, madaktari wa kikoloni Nairobi walikuwa wakipima mafuvu na ubongo wa Waafrika ili kuthibitisha uduni walioudhania tangu mwanzo. Hapo "anayefaa mahali fulani" alikwisha geuzwa "aliye bora" popote, na aliyeshika rula ndiye aliyejipa nafasi ya kwanza.

Ukiandika, basi, andika "anayefaa zaidi", kisha taja mahali. Na kama habari yako ni ya duka kubwa na genge la jirani, "mwenye nguvu mpishe" inajitosheleza. Darwin mwache apumzike.