Kwa Nini Chuma Hufuliwa na Salfa Husagika: Metali na Elementi Zisizo Metali

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, ambaye yuko darasa la saba, aliniletea daftari lake la sayansi ili nimsaidie kujiandaa kwa mtihani, na humo nilikuta jedwali lilelile ambalo mimi mwenyewe nililinakili ubaoni nilipokuwa na umri wake. Upande mmoja metali: hung'aa, ni ngumu, ni nzito, hupitisha umeme na joto, hufulika. Upande wa pili elementi zisizo metali: hazing'ai, ni laini au ni gesi, ni nyepesi, hazipitishi umeme wala joto, huvunjika. Jedwali hilo si baya kwa somo la siku ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba linamfanya mwanafunzi akariri sifa kadhaa kana kwamba ni mambo yasiyohusiana, ilhali mimi, baada ya miaka mingi katika maabara ya metali, naziona nyingi kati ya hizo kuwa ni jambo moja lenye sura mbalimbali: namna atomu, yaani chembe ndogo kabisa ya elementi, inavyozishika elektroni zake za nje, yaani zile chembe ndogo zaidi zinazoizunguka.

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa mno, yaani madini na metali. Madini ni vitu vinavyochimbwa ardhini. Metali ni kundi la elementi, na elementi ni kitu cha msingi chenye atomu za aina moja tu. Tanzanaiti ya Mirerani ni madini lakini si metali. Mawe ambayo wahunzi wa zamani waliyaita mbale ni madini yenye metali ya chuma ndani yake, ila chuma hicho kimefungamana na oksijeni kiasi kwamba hakina dalili yoyote ya kuwa chuma. Dhahabu ya Geita inastahili majina yote mawili, kwa kuwa hupatikana mwambani ikiwa dhahabu hasa, pengine ikiwa imechanganyika na fedha kidogo. Kati ya elementi 118 zinazojulikana, zaidi ya robo tatu ni metali. Hata hivyo, uchache wa zisizo metali haumaanishi kwamba hazina uzito: oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni peke yake hufanya takribani asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu.

Tuanze na nyundo. Kiswahili kina kitenzi ambacho, tukiacha nguo na nazi, kimetengewa metali: kufua. Mhunzi hufua jembe, sonara hufua dhahabu, na mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi hukata mapipa ya chuma na kuyafua hadi yakawa majiko na masanduku. Hakuna anayesema kwamba amefua jiwe, kwa sababu jiwe likipigwa hupasuka. Gramu moja ya dhahabu inaweza kufuliwa ikawa jani lenye eneo la nusu mita ya mraba na zaidi, jembamba kuliko unywele kwa mara mia kadhaa. Lakini chukua bonge la salfa, ule mwamba wa njano ambao kwa Kiarabu huitwa kibriti na ndio uliotuachia jina la kiberiti, kisha ulipige kwa nyundo hiyohiyo: litasagika mara moja kuwa unga.

Tofauti hiyo inatokana na mpangilio wa ndani. Atomu nyingi za metali zina elektroni chache za nje, mara nyingi moja, mbili au tatu, na hazizishiki kwa nguvu. Atomu hizo zinapokusanyika kuwa kipande cha metali, kila moja huachilia elektroni hizo ziingie katika mali ya wote. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwamba ni kama chama cha ushirika: kila mwanachama anatoa shilingi yake, shilingi zinachanganyika katika mfuko mmoja, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema ipi ilikuwa ya nani, ila mfuko huo ndio unaowaunganisha. Ukiipiga metali nyundo, tabaka moja la atomu huteleza juu ya jingine, lakini elektroni za wote bado zipo, na atomu zilizohama hushikwa katika mahali papya kama zilivyoshikwa pale pa zamani. Ndiyo maana metali hubadili umbo bila kuvunjika. Salfa haina mfuko wa aina hiyo. Atomu zake hushikana nane nane katika umbo la pete, kila elektroni ikiwa imefungiwa ndani ya pete yake, na pete moja huivuta nyingine kwa nguvu ndogo sana, kwa hiyo pigo dogo linatosha kuzitawanya.

Mwanafunzi akishaelewa hilo, sifa nyingine hazihitaji kukaririwa. Umeme katika waya ni mwendo wa elektroni, na metali ina elektroni zilizo huru kwenda. Salfa hana cha kusogeza. Mng'ao wa metali hutokana na elektroni hizohizo, ambazo huupokea mwanga unaogonga uso wa metali na kuurudisha. Fedha ndiyo inayopitisha umeme kuliko metali zote, ikifuatiwa kwa karibu na shaba, na kwa kuwa fedha ni ghali, ni shaba iliyojaa ndani ya kuta za nyumba zetu. (Nchi jirani ya Kongo iliithamini shaba kiasi cha kuliita jimbo zima la Katanga kwa jina Shaba, kuanzia mwaka 1971 hadi 1997.)

Joto nalo husafirishwa kwa kiasi kikubwa na elektroni huru. Mtu aliyelima Njombe mwezi wa Julai anajua jinsi jembe lililolala nje linavyouma mkono alfajiri mahali palipo chuma, ilhali mpini wake wa mti unashikika bila taabu. Wanafunzi wengi husema kwamba chuma kimekuwa baridi kuliko mti. Sivyo: vyote viwili vimelala katika hewa moja na vina halijoto ileile, na kipimajoto kitathibitisha. Chuma kinanyonya joto la kiganja na kulisambaza upesi ndani yake, na ngozi inahisi hasara hiyo ya joto. Mti huchukua joto kidogo karibu na kiganja na kuishia hapo.

Sasa nije kwenye vighairi, ambavyo ndivyo vilivyonifanya niandike makala haya, kwa sababu mpwa wangu aliwekewa alama ya kosa alipoandika kwamba kuna kisicho metali kinachopitisha umeme. Alikuwa sahihi. Chukua kile tunachokiita kalamu ya risasi, ichonge pande zote mbili, kisha uiunge katika mzunguko wenye betri mbili za tochi na balbu ndogo. Balbu itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu, na ukitumia kipande kifupi zaidi mwanga utaongezeka. Kalamu hiyo haina risasi hata kidogo, licha ya jina lake; ndani yake mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na grafiti ni kaboni, elementi isiyo metali. Katika grafiti kila atomu ya kaboni hushikana na nyingine tatu katika utando mpana, na elektroni yake ya nne hubaki huru kutembea juu ya utando huo. Tando zenyewe hazikushikana sana, na ndizo zinazoteleza na kubaki karatasini unapoandika. Jaribio hili lifanywe kwa betri za tochi tu, kamwe si kwa umeme wa ukutani, na betri zisipasuliwe kutafuta yaliyomo, kwa kuwa nyingine zina kemikali zinazounguza ngozi.

Grafiti imo katika miamba ya Mahenge mkoani Morogoro, na almasi hutoka Mwadui mkoani Shinyanga. Zote ni kaboni tupu. Katika almasi kila atomu imeshikana na nyingine nne, hakuna elektroni iliyobaki, na kwa hiyo almasi haipitishi umeme. Lakini ni ngumu kuliko metali yoyote, inameta, na hupitisha joto karibu mara tano ya shaba, kwa sababu atomu zake zilizobanana hupokezana mtetemo upesi mno. Nani atamlaumu mtoto anayeliona jedwali la daftari na kuiweka almasi upande wa metali?

Upande wa metali nao una watovu wa nidhamu. Sodiamu ni metali kamili, inang'aa ikikatwa na hupitisha umeme vizuri, lakini hukatwa kwa kisu kama sabuni, huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi na huelea juu ya maji huku ikichemka na kuwaka. Humphry Davy aliitenga kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1807 kwa kutumia umeme, na hadi leo huhifadhiwa ndani ya mafuta ili isiguse hewa wala unyevu. Udhaifu wake unaelezeka: kila atomu ya sodiamu ni kubwa na huchangia elektroni moja tu katika mfuko, ilhali tangsteni, yenye michango mingi na atomu zilizosongamana, haiyeyuki mpaka nyuzi 3,422. Ugumu na uzito, basi, havifai kuwa kipimo cha umetali. Hutofautiana kwa upana ule ule kama urefu wa watu wa familia moja.

Kuhusu zebaki nitasema kwa uzito zaidi. Hiyo ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika halijoto ya kawaida, kwani huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wengi huitumia kunasia chembe za dhahabu, kwa kuwa metali hizo mbili huchanganyika kwa urahisi, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, kwa hiyo moja huondoka kama mvuke na nyingine hubaki. Mvuke huo hauonekani na hudhuru ubongo na figo, hasa za watoto. Kipimajoto cha zamani kikivunjika darasani, mwanafunzi asizichezee zile shanga za fedha hata ziwe za kupendeza namna gani.

Tukiingia katika kemia, kanuni ni ileile: metali hutoa elektroni, na zisizo metali huzipokea au hushirikiana. Sodiamu humpa klorini elektroni moja, na metali inayowaka majini pamoja na gesi yenye sumu huwa chumvi ya mezani. Waya wa magnesiamu ukiwaka huacha majivu meupe ambayo, yakikorogwa na maji, hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi, ile inayotambulisha asidi na besi, kuwa ya buluu. Salfa ikiungua hutoa gesi inayokwaruza koo, na gesi hiyo ndani ya maji hugeuza karatasi ya buluu kuwa nyekundu. Kwa kawaida oksidi za metali, yaani metali zilizoungana na oksijeni, ni za upande wa besi, ulio kinyume cha asidi, na oksidi za zisizo metali ni za upande wa asidi.

Kati ya metali na oksijeni pana mvutano wa muda mrefu, na uhunzi wote umejengwa juu yake. Mbale ni chuma kilichoshikwa na oksijeni. Mhunzi anahitaji kitu kitakachoipokonya oksijeni hiyo, na kitu hicho ni kaboni ya makaa. Wahaya wa Kagera walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walijaza shimo la tanuri kwa matete ya kinamasi yaliyochomwa, wakapuliza hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri, na walichopata hakikuwa chuma tu, bali chuma chenye kaboni, yaani pua. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliwaonyesha watafiti namna kazi ilivyofanywa, na mabaki ya matanuri yaliyofukuliwa katika eneo hilo ni ya tangu takribani miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kwangu huu ndio mfano bora wa kumweleza mwanafunzi kwamba pande mbili za jedwali lake huhitajiana: kaboni isiyozidi asilimia mbili hujipenyeza kati ya atomu za chuma, huzuia tabaka zisiteleze ovyo, na jembe linapata makali yasiyopinda.

Chuma kilichotenganishwa hivyo hakitulii. Hewa na maji vikikutana juu yake, hurudi kuwa oksidi, yaani kutu, na kutu humeguka na kuacha chuma kipya wazi kiliwe tena. Alumini ya sufuria zetu ina tamaa ya oksijeni kuliko chuma, lakini oksidi yake hung'ang'ania usoni kama rangi iliyokauka na kuizuia hewa isipenye. Mabati ya paa, ambayo kwa hakika si bati bali ni chuma kilichopakwa zinki, hutegemea hila nyingine. Zinki hutoa elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo hata mahali palipokwaruzwa ni zinki iliyo jirani inayoliwa badala ya chuma. Pwani, hewa yenye chumvi huharakisha ulaji huo, ndiyo sababu paa la Tanga halidumu kama la Dodoma. Doa jekundu linapoanza kuonekana kando ya msumari, zinki ya mahali hapo imekwisha.