Gari Lililolala Msimu Wote wa Baridi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Huku Minnesota, Marekani, wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tuna gari la pili ambalo hulazwa gerejini kuanzia Novemba hadi Aprili. Wengine hulifunga Desemba wakaenda nyumbani kuona wazazi, wakarudi baada ya miezi mitatu. Siku jua likitoka na theluji ikayeyuka, mtu anachukua ufunguo, anakaa kwenye usukani na kupiga stata. Yanayoniuma ni mambo tunayoambizana kuhusu siku hiyo, kwa sababu mengine yanaharibu injini na mengine yanaua.

“Ukishafungua mlango wa gereji, moshi hauna neno.”

Una neno kubwa. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka huku mwili ukikosa hewa. Na injini iliyotoka kuwashwa ikiwa ya baridi ndiyo hutoa gesi hiyo kwa wingi: inameza petroli nyingi kuliko kawaida, na kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi (katalitiki) bado hakijapata joto la kufanya kazi. Mlango ukiwa wazi, upepo wa nje unaweza kuusukuma moshi urudi ndani. Gereji nyingi za huku zimeshikana na nyumba, na mara nyingi juu yake kuna chumba cha kulala watoto. Gesi hupenya chini ya mlango na kwenye nyufa bila mtu kujua.

Basi fanya hivi. Fungua mlango wa gereji kabla hujagusa ufunguo. Chungulia mdomo wa ekzosi, usiwe umezibwa na theluji wala kiota. Gari likiwaka, litoe nje hapo hapo, usiliache lingurume ndani eti liko peke yake. Nyumbani kuwe na king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri nzima. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikaja ghafla, tokeni nje wote na mpige 911, namba ya dharura ya huku, mkiwa nje.

“Betri imekufa kwa baridi. Ibusti tu.”

Baridi haigandishi betri iliyojaa: maji yake ya tindikali hayagandi hadi chini kabisa ya nyuzi 50 hasi za Selsiasi. Betri iliyoisha chaji ni habari nyingine. Ndani yake tindikali imepungua nguvu, imebaki kama maji, na inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 hasi au hata mapema zaidi. Januari ya hapa hushuka chini ya hapo bila taabu. Gari likiwa limelala, kengele ya wizi na kompyuta zake zinaendelea kunyonya chaji kidogo kidogo, usiku na mchana, hadi betri inabaki tupu.

Ndiyo maana kabla ya kuleta nyaya, fungua boneti uitazame. Ikiwa imevimba ubavuni, imepasuka au unaona barafu ndani, usiibusti na usiichaji. Inaweza kulipuka na kumwaga tindikali usoni. Ing'oe, ipeleke dukani wanakopokea betri kuukuu. Ikiwa nzima, ipime. Volti 12.6 ikiwa imetulia ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, na 12.0 imekaribia kuisha.

Ukiibusti, fuata mpangilio. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake nyingine kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Hiyo ya mwisho watu huidharau. Betri hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, na muunganisho wa mwisho ndio unaorusha cheche.

“Liwashe kila wiki dakika kumi, betri isife.”

Hili nililifuata msimu wangu wa kwanza wa baridi. Kila Jumamosi nilikuwa naliwasha, linanguruma kidogo, nalizima. Aprili betri ilikuwa hoi, na chini ya kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe kama maziwa. Stata hula chaji nyingi kwa mpigo mmoja, na alteneta, inayochaji betri injini ikiwaka, hairudishi kilicholiwa kwa dakika kumi za kunguruma tu gari likiwa limesimama. Halafu petroli ikiungua hutoa mvuke: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji. Injini isipopata moto kamili, sehemu ya maji hayo hubaki kwenye oili na ndani ya ekzosi, na kutu inaanza.

Heri gari lilale kabisa, likiwa limeunganishwa na chaja ndogo ya kutunza betri. Na hata siku ya kuliamsha, robo saa ya kunguruma haijazi betri iliyokuwa tupu. Ile inataka saa kadhaa kwenye chaja.

“Piga resi lipate joto haraka.”

Tafadhali usifanye hivyo. Kwa miezi mitano oili imeshuka yote kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kwenye baridi ni nzito. Sekunde za kwanza vyuma vya juu vinategemea utando mwembamba tu. Pima oili kwanza, liwashe, liache nusu dakika, taa ya oili izime, kisha endesha polepole mpaka geji ya joto ipande. Kukanyagakanyaga mafuta kabla ya kuwasha ni mazoea ya enzi za kabureta. Magari ya sasa hayahitaji.

“Gari lilikuwa ndani, hakuna kitu kimeingia.”

Panya wameingia. Hupenda kulala kwenye boksi la filta ya hewa, na hutafuna nyaya. Ukikuta kiota au mavi yake, usifagie wala usipulize kwa kompresa. Panya wa porini wa Amerika Kaskazini wanaweza kubeba virusi vya hanta, ambavyo mtu huvipata kwa kuvuta vumbi hilo. Vaa glavu, lowanisha kwa maji yenye jiki, subiri dakika kadhaa, kisha futa.

Matairi yatakuwa yamepungua upepo. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, maana namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo chake tu. Petroli ya huku huchanganywa na ethanoli, kwa kawaida asilimia 10, nayo huvuta unyevu. Dawa ya kuitunza huwekwa kabla ya kulaza gari. Kuiweka Aprili hakuifufui petroli iliyochacha.

Kutu nyepesi kwenye diski za breki hutoka ukikanyaga mara chache. Lakini kama uliacha breki ya mkono imevutwa, pedi zinaweza kuwa zimegandamana na diski. Gurudumu likigoma kuzunguka, usilazimishe kwa mafuta. Na kabla hujatoka barabarani, jaribu breki uani ukienda mwendo wa mtu anayetembea. Chumvi ya barabara hula mabomba ya breki, na pedali ikizama hadi chini, gari halitoki hapo mpaka fundi alitazame.