Shughuli za nje ya masomo: fomu za vyuo vya Marekani zinauliza nini hasa?

Kwetu mlango wa chuo kikuu hufunguliwa na matokeo ya mtihani. Mkenya hupangiwa chuo na KUCCPS kwa alama zake za KCSE, Mtanzania huomba kwa ufaulu wake wa kidato cha sita, na hakuna anayewauliza kama waliimba kwaya au walikuwa viranja. Kwa hiyo kijana wetu anayeomba chuo Marekani hukwama pale fomu inapomtaka aorodheshe shughuli zake za nje ya masomo.

Maana yake ni jambo lolote unalolifanya kwa mfululizo nje ya vipindi vya darasani: mpira, mdahalo, skauti, kufundisha watoto madrasa. Uzito uko kwenye huo mfululizo. Kwenda mara moja kusafisha ufukwe na kupigwa picha hakuwaambii mengi wasomaji wa fomu. Miaka mitatu ya kutunza bustani ya shule inawaambia.

Fomu inayotumika zaidi ni Common App, inayopokelewa na vyuo zaidi ya 1,000. Ina nafasi za shughuli 10, na maelezo ya kila moja hayaruhusiwi kuzidi herufi 150. Unataja pia saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Chuo kikuu cha MIT, chenye fomu yake chenyewe, kinataka shughuli nne tu.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapojipunja. Kwenye orodha ya aina za shughuli za Common App, pamoja na michezo na muziki, yamo majukumu ya kifamilia, na imo kazi ya kulipwa. Tuseme kuna binti Tanga anayeamka saa kumi na moja alfajiri kumsaidia mama yake biashara ya maandazi. Akiulizwa anafanya nini nje ya masomo, atajibu, “Sifanyi chochote, nasaidia tu nyumbani.” Lakini saa mbili kwa siku tano ni saa 10 kwa wiki, kwa wiki 40 ni saa 400 kwa mwaka. Maelezo yake, kama yangeandikwa kwa Kiswahili, yangekuwa hivi:

“Nakaanga na kuuza maandazi 120 kila asubuhi kabla ya shule, natunza daftari la mauzo, faida hulipa nauli na madaftari ya wadogo zangu wawili.”

Herufi hazifiki 150, na ndani yake mna hesabu, uaminifu na bidii. Mimi naona maelezo hayo yana uzito kuliko uanachama wa klabu tano ambazo mtu hakuwahi kuhudhuria.

Utaratibu huu wenyewe haukuanza kwa nia njema. Miaka ya 1920, Harvard na vyuo vingine vikubwa vilianza kupima “tabia” ya mwombaji kwa sababu Wayahudi wengi walikuwa wakifaulu mitihani, na wakubwa wa vyuo hivyo walitaka kuwapunguza. Hadi leo mwenye fedha ana nafuu, kwa walimu wa piano na makocha wa binafsi. Mwaka 2019 wazazi matajiri walishtakiwa Marekani kwa kuhonga ili watoto wao wapokelewe kama wanamichezo, wengine wakiwa hawachezi hata huo mchezo.

Tena si kila chuo kinajali sana. Vyuo vingi vya Marekani hupokea zaidi ya nusu ya waombaji, na huko maksi ndizo zinazotangulia. Shughuli huamua zaidi kwenye vile vichache ambako karibu kila mwombaji ana alama za juu.

Si lazima ujaze nafasi zote 10, na usibuni. Common App ya mwaka mpya hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Kabla ya siku hiyo chukua daftari, andika wiki yako moja kama ilivyo, tangu adhana ya alfajiri hadi unapolala: maji uliyoteka, mgonjwa uliyemuuguza, mdogo wako uliyemfundisha kusoma, na saa ulizotumia kwa kila jambo.