Nyonga bandia: mlango wa mbele, ubavuni au nyuma?

"Daktari mwanangu, mimi nataka ile ya mbele." Bibi wa miaka 71 alinionyesha simu ya mjukuu wake: video ya mtu anayetembea siku ileile aliyopasuliwa. Nyonga yake ya kulia imesagika kiasi kwamba kuvaa kiatu tu ni mateso. Nikavuta kiti, nikakaa.

Nilianza na lile ambalo video haikusema: popote tunapopasua, kinachowekwa ni kilekile. Shina la chuma huingia ndani ya mfupa wa paja, juu yake kichwa cha duara, na kichwa hicho huzunguka ndani ya kikombe. Kinachobadilika ni mlango wa kuingilia. Hata daktari John Charnley wa Uingereza, aliyeanza kuwawekea wagonjwa nyonga zake bandia zilizosifika mwaka 1962, alikuwa akikata kipande cha mfupa wa paja ubavuni ili apate njia, kisha akakirudisha na kukifunga kwa waya.

Mlango wa mbele hupita katikati ya misuli, na ndiyo maana wiki za mwanzo mgonjwa huinuka upesi. Ila ngozi ya paja upande wa nje inaweza kubaki na ganzi, na mfupa wa paja hufikiwa kwa shida. Daktari ambaye bado anajifunza njia hii anaweza kuupasua. Mtu mwenye kitambi kinacholalia kinena, kidonda chake humsumbua. Mwaka ukipita, tofauti ya kutembea karibu haionekani tena.

Ubavuni tunabandua sehemu ya msuli unaoshikilia nyonga isiiname. Kiungo hakichomoki kirahisi, lakini msuli ule usiposhika tena, mgonjwa atachechemea.

Mimi huingilia nyuma. Napasua msuli mkubwa wa tako kwa kufuata nyuzi zake, halafu nakata kano fupi zinazozungushia mguu nje. Hapo mkono wangu hupunguza mwendo, maana karibu sana na kisu, ndani ya mafuta ya manjano, umelala mshipa mkuu wa fahamu wa mguu, mnene kama kidole. Hofu ya njia hii ni kiungo kuchomoka kwa nyuma mgonjwa akikunja nyonga mno huku goti likielekea ndani. Kwa hiyo sifungi ngozi kabla ya kuzirudisha kano zile pamoja na mfuko wa kiungo, kwa nyuzi nilizozipitisha kwenye matundu niliyotoboa mfupani. Kazi hiyo ya dakika chache hupunguza sana kuchomoka. Asiyeifanya simwelewi.

Kisha nikamuuliza bibi swali ambalo kwangu lina uzito kuliko mlango: "Choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Na unaswali vipi?"

Akacheka kidogo. Choo ni cha shimo. Kuhusu swala, miezi mingi sasa anaswali kwenye kiti.

Nikamwambia kwamba baada ya upasuaji asichuchumae wala asikae kwenye kigoda kifupi, na kwamba mkono wangu umeizoea njia ya nyuma kuliko nyingine zote. Kama anataka ya mbele, nitampeleka kwa mwenzangu anayeifanya kila wiki. Alifikiri, akanichagua mimi.

Siku mbili kabla ya upasuaji, mwanawe alinitumia picha: kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kimewekwa juu ya tundu la choo. Fundi wa mtaani alikuwa amempima bibi kwa futi, kutoka kisigino hadi gotini, akaongeza inchi 3.